Mtaa Ulio Ndani ya Kioo: Kuchora Majengo ya Mombasa Yanavyotazamana

Saa kumi alasiri nilikuwa Digo Road, nimesimama ng'ambo ya duka moja la vitambaa, nikijaribu kuona kama muuzaji yumo ndani. Sikuona kitu. Kioo chote kilikuwa kimejaa ukuta mweupe wa jengo lililokuwa mgongoni mwangu, ukiwaka kwa jua. Kisha mama mmoja aliyevaa buibui akapita kibarazani mwa duka, karibu kabisa na kioo. Taswira yake ilipotokea haikuwa ya buibui. Ilikuwa ya duka: marobota ya kitambaa, kaunta, feni inayozunguka, na muuzaji ameinamia simu yake. Ndani ya umbo la mama yule, na ndani ya umbo hilo peke yake, dirisha lilifunguka. Alipofika mwisho wa kioo akaondoka nalo, na ukuta mweupe ukarudi.

Mimi ni mchoraji. Nachora mitaa ya mji huu kwenye tableti, na vijana wanaoanza huniletea kazi zao niziangalie. Mara nyingi majengo yao yamesimama vizuri, watu wanatembea, mibuyu ina uzito wake. Kazi huanguka kwenye vioo. Kioo kinapakwa buluu, kinapigwa mstari mmoja mweupe wa mshazari ili king'ae, na ghorofa inageuka kuwa sanduku la bati. Wenye subira zaidi hupiga picha ya jengo la ng'ambo, wakaigeuza kushoto kulia, wakaibandika juu ya madirisha. Hiyo nayo haikubaliki machoni, ingawa mtazamaji hawezi kusema kosa liko wapi. Kosa haliko mahali pamoja tu, na kila mahali lilipo pana sababu inayoelezeka. Nitazieleza sababu hizo, nikianza na ile aliyonionyesha mama wa buibui.

Neno moja, kazi mbili

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa kitu cha kujitazamia uso na kwa kitu cha kuzibia dirisha. Kwa mchoraji muungano huo ni bahati, maana ndivyo mambo yalivyo. Kioo cha dirisha kinafanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja: kinarudisha sehemu ya nuru iliyotoka nje na kupitisha nuru iliyotoka ndani, na jicho linapokea jumla yake.

Ukikitazama uso kwa uso, kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru kwenye uso wake wa mbele na karibu kiasi hicho hicho kwenye uso wa nyuma. Jumla ni kama asilimia 8. Utasema ni kidogo. Lakini jua kali la mchana humwaga nje kama luksi 100,000, luksi ikiwa ni kipimo cha nuru inayoangukia mahali, na ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 300 hadi 500. Asilimia 8 ya laki moja ni 8,000. Hata ukipunguza nuru iliyomezwa na ukuta wa ng'ambo kabla haijafika kiooni, bado kinachotoka nje kinakizidi kwa mbali kinachotoka ndani. Ndiyo maana mchana duka linakuwa kioo cha kujitazamia, na usiku, taa zikiwashwa ndani na barabara ikiwa gizani, linakuwa dirisha.

Buibui halirudishi nuru nyingi. Lilipokaa mahali pa ukuta mweupe, nuru ya nje ikatoweka kwenye sehemu ile ya kioo, na nuru dhaifu ya ndani, ambayo wakati wote ilikuwepo, ikaonekana. Kwa hivyo popote penye giza katika taswira, pale ndipo ndani panapoonekana. Chini ya mti ulioakisiwa, ndani ya kivuli cha baraza la ng'ambo, ndani ya umbo lako mwenyewe unaposogea dirishani na kukinga mikono machoni. Sijui kanuni nyingine inayobadilisha mchoro kwa haraka kama hii.

Sasa tazama inavyofanyika kwenye programu. Wengi huchora ndani ya duka kwenye tabaka moja, au leya kama tunavyoziita, wakachora taswira ya nje kwenye leya ya juu yake, kisha wakaipunguza nguvu leya ya juu hadi nusu. Matokeo ni utusitusi wa kijivu. Sababu ni kwamba programu inachukua nusu ya kila rangi, na weusi wa buibui unakuja na nusu yake kufunika duka. Kwenye kioo halisi weusi hauongezi chochote wala haufuniki chochote. Nuru mbili zinajumlishwa. Krita, Procreate na Photoshop zote zina hali ya kuchanganya leya inayojumlisha nuru, na kwenye menyu utaiona kwa jina Screen au Add. Iweke leya ya taswira kwenye hali hiyo, na weusi wake utapotea wenyewe, ukiacha duka lijitokeze. Halafu ipunguze nuru ya ndani kwa ujasiri. Vijana huwa na huruma na vitu walivyovichora ndani, kiti, kompyuta, ua la plastiki, wanataka vyote vionekane. Saa nane mchana havionekani.

Kuna muda mmoja ambapo nuru za ndani na za nje zinalingana, nao ni Magharibi. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na huku giza halichelewi. Jua likishazama, nusu saa haipiti kabla usiku haujashika. Katika dakika hizo chache dirisha moja linaonyesha mbingu ya zambarau na mtu anayefunga hesabu zake, mmoja juu ya mwingine, bila yeyote kumshinda mwenzake. Ukitaka mchoro wenye kina kuliko wote, chagua saa hiyo, na ujue kwamba utachora mitaa miwili kamili badala ya mmoja.

Pembe

Simama ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina siku ambayo maji yametulia. Chini ya miguu yako unaona mawe na mwani. Tupa macho mbele kidogo, mawe yanafifia. Mbali zaidi, huoni chochote ila rangi ya mbingu. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni pembe ya jicho lako na uso wa maji: kadiri unavyoutazama kwa mlalo, ndivyo uso unavyorudisha nuru zaidi.

Aliyeweka hesabu ya jambo hili ni Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyezaliwa mwaka 1788 na kufariki mwaka 1827, huyo huyo ambaye lenzi zake zilikuja kuwekwa kwenye minara ya taa ya bahari. Kwa kioo cha kawaida cha dirisha hesabu hiyo inatoa picha hii: ukikitazama uso kwa uso kinarudisha kama asilimia 8, macho yakilala pembeni kwa digrii 60 ni kama asilimia 16, na ukifika digrii 80 ni zaidi ya nusu. Ongezeko linakwenda polepole kwa safari ndefu, halafu ghafla linapanda.

Angalia Moi Avenue ukiwa umesimama upande mmoja na kutazama safu ya maduka inavyokwenda mbali. Dirisha la kwanza, lililo mbele yako, linakuonyesha ndani. La tatu limechanganyika. La kumi ni karatasi ya fedha tupu. Mchoraji anayepaka madirisha yote kumi kwa nguvu moja ameifuta barabara bila kujua. Ni vivyo hivyo ukiinua macho kwenye ghorofa ndefu: madirisha ya chini unayatazama uso kwa uso, ya juu unayatazama kwa mlalo, kwa hivyo ya juu yanang'aa zaidi. Nikifika hapa huwa natengeneza leya moja ya rangi inayotoka weusi hadi weupe, nikaitumia kuongoza nguvu ya taswira: hafifu mbele yangu, kali kule mwisho. Usiifanye inyooke kama ngazi. Iache ikawie, kisha ipande kwa kasi karibu na mwisho, maana ndivyo kioo chenyewe kinavyofanya.

Mtaa wa pili

Kwamba nuru hurudi kwa pembe ile ile iliyojia ni jambo la zamani. Wagiriki walilijua, na Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuandika kazi yake kubwa ya macho na nuru huko Cairo, alilichunguza kwa majaribio na kuliandikia kwa kirefu. Kwa mchoraji kanuni hiyo inasemeka hivi: nyuma ya kioo kuna mtaa wa pili, uliogeuzwa, ambao kila kitu chake kiko mbali na kioo sawasawa na kilivyo mbali nacho huku kwetu.

Hapa ndipo picha iliyogeuzwa na kubandikwa inapofeli. Chukua mfano wa vipimo. Umesimama mita 12 kutoka kwenye jengo la vioo. Mgongoni mwako, mita 20 kutoka kwenye kioo hicho, kuna jengo la ghorofa lenye urefu wa mita 18. Ukigeuka, liko mita 8 tu kutoka ulipo, linakujaa machoni. Lakini ndani ya kioo liko mita 20 nyuma ya kioo, yaani mita 32 kutoka kwako. Ni dogo mara nne. Na paa lake linatokea wapi kiooni? Kama macho yako yako mita 1.6 kutoka ardhini, mstari kutoka jichoni hadi kwenye paa lile la mtaa wa pili unapenya kioo kwenye urefu wa kama mita 7.75. Kwa jengo lenye mita 3 kila sakafu, hapo ni ghorofa ya pili. Jengo la mita 18 linaishia ghorofa ya pili! Kutoka hapo kwenda juu, madirisha yote yamebaki na mbingu peke yake, na kwa sababu ya pembe niliyoieleza, mbingu hiyo inazidi kung'aa kadiri unavyopanda. Ukiona mchoro wa ghorofa ndefu ambao majengo ya jirani yameakisiwa hadi juu kabisa, na aliyetazama amesimama chini barabarani, jua ile hesabu haikufanywa.

Habari njema ni kwamba mtaa wa pili hauhitaji kanuni mpya za kuchora kina. Ikiwa barabara na majengo yake yamepangika kwa mraba, mistari yote inayokwenda sambamba na kioo, na ile inayokwenda kukikabili, inaishia kwenye nukta zile zile za kutokomea, yaani mahali mistari sambamba inapoonekana kukutana kwa mbali, unazotumia kwa mtaa wa kweli. Ni mistari ya mshazari tu, kama gari lililokata kona, inayotaka nukta yake upya. Mimi huchora ramani ya juu kwanza, kwenye karatasi: kioo ni mstari, barabara huku, na barabara ile ile imekunjiwa upande wa pili. Kisha naweka jicho langu na kupiga mistari. Dakika kumi za ramani huokoa siku nzima ya kufuta.

Na kuna upande ambao picha iliyogeuzwa haiwezi kuupata hata kidogo. Matatu ikiegeshwa kati yako na kioo, wewe unaona ubavu mmoja, kioo kinaona wa pili. Kama unaona milango ya abiria, basi kwenye kioo kuna upande wa dereva. Muuza madafu anayekupa mgongo yuko uso kwa uso na taswira yake. Ukitaka kuchora vioo lazima ukachungulie nyuma ya vitu, na mimi huzunguka kila kitu kilichoegeshwa mbele ya jengo kabla sijakaa chini.

Kila kipande na mwendo wake

Nilidhani nimemaliza nilipoyajua hayo. Nikachora ghorofa nane za vioo, na mstari wa paa la ng'ambo umenyooka kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho. Nikampelekea fundi mmoja wa aluminiamu na vioo, mzee wa kwetu Tudor, ambaye nilipenda kazi yake.

"Shikamoo, ami. Waonaje?"

"Marahaba." Akautazama kwa muda. "Mwanangu, vioo hivi amevitia nani?"

"Hakuna aliyevitia, nimechora."

"Ndiyo maana. Mimi nimetia vioo miaka thelathini, sijapata kutia viwili vikakaa sawa hivi."

Alinichukua hadi kwenye jengo alilofanyia kazi na kuniambia nitazame mnara wa msikiti ndani ya vioo vyake. Mnara ulionyooka kama alifu ulikuwa umekatika vipande zaidi ya kumi. Kila kioo kilikuwa na kipande chake, kimoja kimesogea kushoto, kingine kulia, kimoja kimenenepa, kingine kimefanya kiuno. Hakuna kioo kilichoharibika. Raba ya fremu imebana zaidi upande mmoja, skrubu moja imekazwa kuliko nyingine, na hilo latosha.

Latosha kwa sababu kioo kikiinama kidogo, nuru inayorudi hugeuka mara mbili ya kiasi hicho. Kipande kikiwa kimeinama nusu digrii tu, kiasi ambacho kidole hakiwezi kuhisi, taswira hugeuka digrii nzima. Kwa kitu kilicho mita 60 kutoka hapo, digrii moja ni kama mita moja. Hebu fikiria mnara umesogea mita moja kati ya dirisha na jirani yake.

Halafu kuna mpindo wa kioo chenyewe. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kioo cha dirisha hutoka kiwandani kikiwa bapa sana. Lakini kioo cha usalama kinachotiwa kwenye majengo marefu hupashwa moto tena kupita digrii 600 kikipita juu ya roli, na roli hizo huacha mawimbi madogo usiyoyaona kwa macho ila kwa taswira inayotetemeka. Na pale ambapo vioo viwili vimeungwa na hewa kufungiwa kati yake, hewa hiyo ikipata joto hutanuka na kuvimbisha kioo kwenda nje, ikipoa hukivuta ndani. Kioo kilichovimba nje hudogosha taswira. Kilichobonyea hufanya kinyume. Kubonyea kukiwa kukubwa, jengo zima linaweza kuwa hatari: mwaka 2013 mjini London jengo la 20 Fenchurch Street, ambalo ukuta wake wa vioo umepinda kwenda ndani, lilikusanya jua hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

Kwenye tableti kazi hii haina mkato. Nachora mtaa wa pili mzima kwenye leya moja, safi, umenyooka. Kisha naukata kwa kufuata fremu, kila dirisha na kipande chake, na kila kipande nakisogeza, nakizungusha kidogo, nakipinda kwa kifaa cha kupindia. Nina mazoea ya kuvipa vioo vya safu moja tabia inayofanana, kwa sababu mara nyingi safu moja imetiwa na timu moja siku moja, halafu kimoja kati ya saba au vinane nakiacha kipotoke kiasi. Usisambaze upotovu kwa usawa. Ukifanya hivyo jicho linagundua mkono wa kompyuta.

Jua la Digo Road

Barabara hii inakwenda takriban kaskazini kwa kusini, na hiyo inaifanya iwe shule. Jengo lililo upande wa magharibi linatazama mashariki. Asubuhi linapigwa na jua moja kwa moja, na ungetarajia vioo vyake viwe na taswira nzuri wakati huo. Sivyo. Majengo ya ng'ambo, ambayo ndiyo yanayoakisiwa, yamelipa jua mgongo; nyuso zao ziko kivulini, kwa hivyo kiooni yanakuwa maumbo meusi chini ya mbingu kali. Ni jioni, jengo lenyewe likiwa kivulini, ndipo majengo ya ng'ambo yanapopokea jua la dhahabu usoni na vioo kuwaka. Ilikuwa hivyo saa kumi ile ya buibui. Uso wenye kivuli unaotazama uso wenye jua: hapo ndipo kioo kinaposema kwa sauti.

Kinachoakisiwa kina rangi, na rangi ya katikati ya mji wetu imebadilika. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya hapa yapakwe nyeupe na kutiwa nakshi za buluu. Sina haja ya kuingia katika ubishi wa kama yamependeza. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba vioo vya mji vilipata nuru zaidi, kwa kuwa ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na ndani ya kila kioo sasa kuna mabaka makubwa meupe na mistari ya buluu. Mchoro wa picha ya kabla ya 2018 una vioo vya rangi ya vumbi na maziwa. Ukichanganya picha za miaka miwili tofauti, mtaa wako wa kweli na mtaa wako wa pili hautapatana.

Rangi ya kioo chenyewe ni jambo jingine. Kioo kilichotiwa rangi ndani yake, kijani au shaba, hukipaka rangi hasa kile kinachoonekana kwa ndani, ilhali taswira ya uso wa mbele hubaki na rangi yake. Kioo chenye utando wa metali juu yake ndicho kinachoipaka rangi taswira yenyewe. Wengi wanapaka vyote viwili buluu.

Asubuhi kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likichorwa vya kutosha. Jua likiwa chini mashariki, vioo vya upande wa magharibi hulirudisha ng'ambo, juu ya kuta zilizo kivulini. Pale ukutani unaona mabaka ya nuru, jua la pili. Kioo bapa hutupa baka la umbo lake. Kioo kilichobonyea hutupa duara, au alama kama ya msalaba uliolala. Mchana, jua likiwa karibu utosini, mabaka hayo huteremka na kuangukia mguuni mwa jengo lenyewe. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, na vioo vinavyotazama pande hizo hupokezana zamu.

Chumvi

Kioo cha Mombasa si kisafi. Upepo wa bahari, uwe kusi au kaskazi, huleta chumvi, na chumvi hushika vumbi. Utando huo unatawanya nuru, kwa hivyo weusi wa taswira hauwi mweusi kabisa, unafifia kuwa kijivu cha maziwa, zaidi pale jua linapoupiga moja kwa moja. Vitu vilivyo karibu na kioo hubaki na kingo kali. Vya mbali hulainika.

Utando huo unaeleza pia fumbo la vivuli. Kivuli cha nguzo ya umeme kikiangukia kioo kisafi, hukioni. Nuru inapita au inarudi, hakuna cha kukipokea kivuli. Kinaonekana kwa sababu ya vumbi tu. Kwa hivyo usipake kivuli kizito juu ya madirisha kama unavyokipaka ukutani. Kipitishe ukutani kwa nguvu, kikifika kiooni kipunguze hadi kibaki alama hafifu, kikitoka upande wa pili kirudi na nguvu zake. Ndani ya kivuli hicho, ambapo utando hauwaki, taswira inakuwa kali zaidi. Baada ya mvua za masika, utando ukiwa umeoshwa, hata hiyo alama inatoweka.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Picha za simu zisaidie, zisitawale. Simu hupima mwanga kwa picha nzima na kuzima ama ndani ama nje, kwa hivyo piga mbili, moja ya kila nuru. Vua miwani ya jua. Miwani ya jua ya kuchuja mng'ao (polarized) hubadilisha nguvu ya nuru iliyorudi kutoka kwenye vioo, hasa karibu na pembe ya digrii 56, na utachora mtaa ambao wenzako hawauoni. Mmarekani Richard Estes, aliyezaliwa mwaka 1932 na kujulikana kwa michoro ya rangi ya vioo vya New York, huunganisha picha kadhaa alizopiga mwenyewe badala ya kunakili moja. Bert Monroy alipochora kituo cha treni cha Damen cha Chicago kwa kompyuta alitumia miezi 11 na leya zaidi ya 15,000. Sikuambii ufanye hivyo. Nakuambia ili usijilaumu kwa kuchelewa.

Programu ya Blender, ambayo ni ya bure, inaweza kujenga masanduku ya mtaa wako na kufuatilia miale hadi ikuonyeshe taswira zinavyokaa. Mimi huitumia kukagua ramani yangu, na huifunga baada ya hapo, kwa sababu vioo vyake vyote vimekaa sawa.

Fremu za aluminiamu huja mwisho, na silikoni yake, na michirizi ya maji ya kiyoyozi. Juzi nilimpelekea ami yule mchoro mpya wa jengo lile lile. Hakusema kitu juu ya mnara uliokatika. Alipitisha kidole juu ya skrini, safu ya kwanza, ya pili, akasimama kwenye dirisha moja la ghorofa ya tano ambalo nilikuwa nimelipa ukungu mdogo pembeni, kama nilivyoliona.

"Hiki kimeingia maji," akasema. "Waambie wakibadilishe."